Mwiba wa kirusi cha korona: kinachobadilika haraka na kinachobadilika polepole

Swali tunaloulizwa mara nyingi katika mikutano ya elimu ya afya, iwe Mbagala, Tandale au Kigamboni, ni hili: kama kirusi cha korona kinabadilika kila kukicha, chanjo tuliyochomwa mwaka 2021 ilikuwa na maana gani? Ni swali la haki, na sehemu kubwa ya jibu imo ndani ya protini moja, protini ya mwiba.

Kirusi cha UVIKO-19 kimefunikwa na utando wa mafuta, ndiyo maana sabuni ya kawaida hukivunja. Seli zetu nazo zina utando wa mafuta. Tando mbili za namna hiyo haziungani zenyewe hata zikikaribiana. Lazima kiwepo cha kuzilazimisha, na hiyo ndiyo kazi ya mwiba. Kila mwiba una minyororo mitatu inayofanana, kila mmoja una asidi amino (vijenzi vidogo vya protini) 1,273, na una sehemu mbili: S1 kwa juu, S2 kwa chini.

S1 hushika kipokezi kiitwacho ACE2 kwenye seli za njia ya hewa. Lakini kushika si kuingia. Kimeng'enya (protini inayofanya kazi kama mkasi) cha seli yetu wenyewe, TMPRSS2, hukata S2, nayo hufyatuka kama mtego wa panya: nguvu ilishawekwa ndani tangu mwiba ulipoundwa, ilikuwa ikisubiri kuachiliwa tu. S1 hudondoka. Kipande cha S2 hujichomeka kwenye utando wa seli, kisha S2 yote hujikunja na kuzivuta tando mbili mpaka ziwe moja. Tundu hufunguka, jeni za kirusi zinaingia. Mwiba ukishafyatuka haurudi tena ulivyokuwa. VVU, Ebola na virusi vya mafua hutumia mtambo wa aina hiyohiyo.

Kirusi hiki kilikuja na jambo ambalo kile cha SARS cha mwaka 2003 hakikuwa nalo: asidi amino 4 za ziada kwenye mpaka wa S1 na S2. Hizo huiwezesha furini, kimeng'enya kilichomo katika seli za aina nyingi mwilini, kuukata mwiba mapema, kabla kirusi hakijatoka kwenye seli kilikozaliwa. Aina ya kirusi iliyoitwa Delta ilibadilisha asidi amino ya nafasi ya 681 kwenye mnyororo, jirani kabisa na hapo, na mwiba ukakatika kwa urahisi zaidi. Seli zilizoambukizwa zikawa zinaungana na jirani zake na kuwa seli moja kubwa yenye viini vingi. Omicron, iliyotangazwa Novemba 2021 baada ya kugunduliwa Botswana na Afrika Kusini, ilikuwa na mabadiliko zaidi ya 30 kwenye mwiba, ila iliitegemea TMPRSS2 kidogo na kuunganisha seli kidogo.

Sasa angalia mabadiliko hayo yamekaa wapi. Mengi yako S1, sehemu ambayo kingamwili, yaani protini za kinga za mwili, huishambulia zaidi. S2 imebadilika kidogo sana, kwa kuwa mtambo unaotakiwa kujikunja kwa usahihi hauvumilii kuchezewa.

Chanjo ya Janssen iliyozinduliwa Dar es Salaam tarehe 28 Julai 2021 iliufundisha mwili kwa mwiba uliozuiwa kufyatuka: nafasi za 986 na 987 zilibadilishwa kuwa prolini, asidi amino ngumu kukunjika. Mbinu hiyo ilitokana na utafiti wa kirusi cha MERS, kirusi kingine cha korona, uliochapishwa mwaka 2017. Bila hivyo, mwili ungeweza kujifunza kuutambua mwiba ambao kazi yake imeshakwisha.

Kingamwili za S1 zilipungukiwa nguvu mbele ya Omicron, kwa hiyo waliochanjwa nao waliambukizwa. Seli T, aina ya seli za kinga ambazo hutambua vipande vingi vya mwiba, vikiwemo vya S2, ziliendelea kusaidia kuwaepusha wengi na ugonjwa mkali.

Ndiyo maana watafiti wanaifuatilia S2 kwa karibu. Zimeshapatikana kingamwili zinazoishika S2 ya virusi vya korona vya aina kadhaa kwa pamoja, ingawa kwa kawaida huzuia maambukizi kwa nguvu ndogo kuliko zile za S1: sehemu zinazolengwa na kingamwili hizo hufichwa na mwiba wenyewe, na hufunuka vizuri wakati mtego unapoanza kufyatuka.