Paestum: yanayosemwa na yaliyo kweli kuhusu mji wa Wagiriki nchini Italia

Ukitoka Napoli kuelekea kusini-mashariki, ukaipita Salerno na kuvuka mto Sele, unaingia kwenye uwanda wa karibu na bahari ambako mahekalu matatu ya mawe yamesimama katikati ya majani. Hapo ndipo Paestum. Wagiriki walioujenga mji huo mnamo mwaka 600 KK waliuita Poseidonia, kwa jina la Poseidon, mungu wao wa bahari. Habari zake kwa kawaida husimuliwa kwa pumzi moja: ulikuwa mji wa Kigiriki, ukawa wa Kirumi, ukapotea, ukagunduliwa karne ya 18. Karibu kila kipande cha maelezo hayo kina kasoro. Kinachoniuma zaidi ni kile ambacho hakikutajwa kabisa, nacho nitakifikia.

Dhana: Poseidonia ilikuwa koloni la Ugiriki

Sisi tukisikia neno koloni tunaona gavana, bendera ya wageni, kodi ya kichwa na magunia ya pamba yakipakiwa melini. Picha hiyo ukienda nayo Poseidonia itakupoteza njia. Kwanza, hapakuwa na nchi moja iliyoitwa Ugiriki. Kulikuwa na miji mingi, kila mmoja na sheria zake, jeshi lake na ugomvi wake na jirani. Pili, walioanzisha Poseidonia hawakutoka ng'ambo moja kwa moja. Walitoka Sybaris, mji mwingine wa Wagiriki uliokuwa tayari kusini mwa Italia, nao ulikuwa umeanzishwa na watu wa Akaya, jimbo la huko Ugiriki.

Wenyewe walitumia neno *apoikia*, yaani makao yaliyo mbali na nyumbani. Waliohama walichukua miungu, lugha na desturi. Hawakuchukua wajibu wa kupeleka kodi au kupokea amri kutoka walikotoka.

Upo ushahidi mmoja ninaoupenda sana. Huko Olympia, mahali patakatifu pa Wagiriki, lilipatikana bamba dogo la shaba la karne ya 6 KK, limeandikwa mkataba wa urafiki wa milele kati ya Sybaris na watu walioitwa Serdaioi. Mkataba ulihitaji wadhamini, na waliotajwa ni Zeus, Apollo, miungu mingine, na mji wa Poseidonia. Mtoto amesimama kuwa mdhamini wa mzazi wake, tena ametajwa mstari mmoja na miungu. Mwaka 510 KK Sybaris ikaangamizwa na majirani zake wa Croton, na Poseidonia ikaendelea kustawi. Mawili kati ya yale mahekalu matatu yalijengwa baada ya mzazi kufa.

Hata hivyo tusiwapambe walowezi hawa. Nchi waliyoingia ilikuwa na wenyewe, na ng'ambo ya mto Sele walikuwako Waetruski, taifa jingine la Italia ya kale. Kusema kwamba *apoikia* haikuwa koloni la aina tuliyoijua sisi si kusema kwamba hakuna aliyepoteza shamba lake.

Dhana: walianza Wagiriki, wakafuata Warumi

Hapa ndipo taifa zima linapofutwa kwenye historia ya mji wake. Kati ya Wagiriki na Warumi wapo Walukania, watu wa milimani waliosema Kiosko, lugha iliyo ndugu ya Kilatini. Waliushika mji mwishoni mwa karne ya 5 KK, wakauita Paistom, wakakaa nao hadi mwaka 273 KK. Hiyo ni zaidi ya miaka 120, yaani vizazi vinne au vitano vya watu waliozaliwa humo, wakaoa, wakalima na kuzikwa humo. Hata jina Paestum tunalolitumia leo linatokana na matamshi yao. Warumi walilipokea tu.

Mbona basi hawatajwi? Sababu moja ni kwamba habari zao zimeandikwa na wengine. Aristoxenus, mwanafalsafa wa Taranto wa karne ya 4 KK, alisimulia kwamba watu wa Poseidonia walikuwa wamegeuka washenzi, lugha na desturi zao zimebadilika, na kwamba walibaki na sikukuu moja tu ya Kigiriki. Siku hiyo, anasema, walikutana, wakayakumbuka majina na mila za zamani, wakalia pamoja, wakatawanyika. Ni masimulizi ya kugusa moyo na yamerudiwa kwa karne nyingi. Lakini ni maneno ya Mgiriki aliyeuona mji jirani ukichukuliwa, na yasomwe hivyo.

Ardhi yenyewe inasema jambo jingine. Katika karne hiyohiyo ambayo tunaambiwa Ugiriki umebaki machozi, palikuwa na karakana za wafinyanzi mahiri mjini hapo. Wachoraji wawili wa vyombo, Asteas na Python, walitia sahihi kwenye kazi zao, na sahihi hizo ni za Kigiriki. Walukania ndio waliokuwa wakinunua mitungi hiyo na kuzikwa nayo. Mahekalu ya zamani yaliendelea kupokea sadaka. Na pale sokoni palikuwa na ukumbi wa duara, wenye ngazi zilizochongwa kuzunguka, ambamo raia wa Kigiriki walikaa kujadili mambo ya mji. Ndani yake limepatikana jiwe la mnamo mwaka 300 KK lenye maandishi ya Kiosko, limewekwa na mtu aliyetimiza nadhiri yake kwa Jupita. Maana yake ni kwamba wenye mji wapya hawakuubomoa ukumbi. Waliingia, wakakaa kwenye ngazi zilezile, wakazungumza kwa lugha yao.

Kisha yapo makaburi yao. Walukania wenye uwezo walizikwa ndani ya masanduku ya mawe yaliyochorwa kuta zake za ndani, na mengi yako leo katika jumba la makumbusho la Paestum. Mara nyingi utamwona mpiganaji amerudi nyumbani juu ya farasi, nyara zikining'inia kwenye mkuki, na mwanamke amesimama mbele yake na mtungi na kikombe cha kumkaribishia. Kwingine watu wawili wanapigana kwa mikuki hadi damu inachirizika mapajani. Kwingine mama amelazwa kitandani na wanawake wanamlilia, mikono kichwani. Mtu akiniambia kwamba watu hawa walikuwa daraja tu kati ya Wagiriki na Warumi, nitamwomba asimame dakika tano mbele ya mama huyo.

Dhana: Kaburi la Mpiga Mbizi ni mfano wa makaburi ya Kigiriki

Limekuwa maarufu mno hata watu hudhani Wagiriki wote walizikwa hivyo. Ukweli ni kinyume kabisa. Mwanaakiolojia Mario Napoli alilifukua Juni 1968, kama kilomita moja na nusu kusini mwa mji, na mpaka leo hakuna kaburi jingine la Wagiriki wa zama hizo lililochorwa picha za watu namna hiyo. Ni la mnamo mwaka 480 au 470 KK, limeundwa kwa mabamba matano ya mawe: manne ya kuta na moja la kufunika.

Kwenye kuta kuna karamu ya wanaume. Wamejilaza kwa ubavu juu ya vitanda, vichwani wamevaa mashada ya majani, mmoja anapuliza zumari mbili kwa pamoja, mwingine ameinua kikombe kwa kidole ili arushe matone ya mwisho ya mvinyo kulenga shabaha, mchezo waliokuwa wakiupenda. Lakini kinachomshangaza mtazamaji ni kifuniko, ambacho uso wake uliochorwa ulitazama chini, ukamwelekea marehemu. Kijana uchi amejirusha kutoka juu ya mnara, mikono mbele, miguu imenyooka, kichwa kimeinuka kidogo. Chini yake kuna maji ya kijani-buluu yaliyojikunja kama mgongo wa kilima, na mti mwembamba kila upande. Basi. Sehemu kubwa ya bamba imeachwa nyeupe.

Wapo wanaosema ni mchezo wa kuogelea tu, lakini wengi wanaona roho ikivuka kwenda upande wa pili. Mimi niko na hao wengi, kwa sababu picha hiyo haikuchorwa ili aliye hai aione tena. Pembeni mwa marehemu waliacha kichupa cha mafuta na kinubi, ambacho limebaki ganda lake la kobe.

Dhana: mahekalu ni ya marumaru nyeupe, na majina yake ni ya kweli

Hakuna marumaru. Ni mawe ya chokaa ya hapohapo, yenye vitundu, ambayo zamani yalipakwa lipu laini na sehemu za juu zikatiwa rangi kali. Rangi ya asali tunayoiona leo ni jiwe lililovuliwa nguo.

Na majina ni makosa ya wageni wa karne ya 18. Lile la zamani zaidi, la mnamo 550 KK, waliliita Basilika, wakidhani ni jengo la serikali la Kirumi, kwa sababu lina nguzo 9 mbele na safu ya nguzo katikati ya chumba chake. Ni hekalu la Hera, mungu wa kike wa Wagiriki. Lililoitwa la Ceres, mungu wa kike wa Warumi, ni la Athena wa Wagiriki. Sanamu zake ndogo za udongo zilikutwa hapo. Lile kubwa lililohifadhika kuliko yote, lenye nguzo 36 nje, bado huitwa la Neptune, jina la Kirumi la Poseidon, ingawa wengi wanalihesabu kuwa la pili la Hera.

Dhana: Warumi walipofika walifuta kila kitu

Mwaka 273 KK Roma ilipeleka walowezi wake, na hii ndiyo *colonia* hasa: imetumwa na dola, ardhi imepimwa na kugawiwa. Walijenga uwanja wao mkuu wa mji, wakaufukia ule ukumbi wa duara. Hilo ni kweli na ni hasara.

Ila karibu na hapo kulikuwa na chumba cha chini ya ardhi cha mnamo 510 KK, kisicho na mlango, kilichojengwa kwa heshima ya mtu asiyetajwa, pengine mwanzilishi wa mji. Hicho hawakukigusa. Walikizungushia ukuta. Kilipofunguliwa mwaka 1954, ndani mlikuwa na mitungi minane ya shaba yenye kitu kinachonata kama nta, ambacho vipimo vya zamani havikuweza kuthibitisha ni nini. Mwaka 2025 watafiti wa Oxford wakaonyesha ni asali: waliona sukari zake na protini za nyuki. Asali hiyo ililala zaidi ya miaka 2,500, na kama Warumi wangekuwa wafutaji tusingeipata.

Paestum yenyewe ikawa mji mwaminifu kwa Roma. Mwaka 216 KK, Hannibal, jemadari wa Karthago na adui wa Roma, akiwa Italia, wajumbe wa Paestum walipeleka mabakuli ya dhahabu Roma; Seneti ikashukuru, ikakataa kuyachukua. Mwaka 209 KK, makoloni 12 ya Kilatini kati ya 30 yalipokataa kutoa askari na fedha, Paestum ilikuwa katika yale 18 yaliyokubali. Ikaendelea kutengeneza sarafu zake za shaba hadi enzi za Kaisari Tiberio, jambo ambalo miji mingine ya Italia ilikuwa imelipoteza.

Dhana: mji ulipotea, ukagunduliwa karne ya 18

Nani aliyeupoteza? Waliuhama kidogo kidogo. Mto uliziba njia yake, uwanda ukawa kinamasi, mbu wakashika nchi. Neno letu malaria limetoka Italia, *mal'aria*, hewa mbaya, na uwanda wa Paestum ni mojawapo ya mahali walipoijua vizuri. Karne ya 9 yakaongezeka mashambulizi ya Waarabu kutoka baharini, na waliobaki wakapanda kilimani Capaccio pamoja na askofu wao. Halmashauri ya huko leo inaitwa Capaccio Paestum.

Lakini hekalu la Athena lilikuwa limeshafanywa kanisa, na Wakristo wakazikwa ndani yake. Karne ya 11 Robert Guiscard, mtawala wa Kinormani, alijua pa kwenda kuchukua mawe ya kanisa kuu la Salerno. Mwaka 1740 msanifu Ferdinando Sanfelice alimpendekezea mfalme wa Napoli zing'olewe nguzo za Paestum zikajengee kasri la Capodimonte. Mtu hapendekezi kubomoa kitu kilichopotea. Wachungaji wa nyati-maji walipita chini ya nguzo hizo kila siku. Kilichotokea karne ya 18 ni kwamba wachoraji na wasomi kutoka kwingine walifika, wakachora, wakachapisha.

Na kujulikana hakukuulinda. Mwaka 1829 ilichongwa barabara mpya ikapita katikati ya uwanja wa michezo wa Kirumi. Ukifika leo utaona upande wa magharibi wa uwanja huo, mawe yake yamepinda vizuri kama nusu ya bakuli, kisha yanakatika ghafla ukingoni mwa lami. Nusu ya pili iko chini ya magari.