Mfiduo wa asbesto: vumbi linalomkabili fundi wa boila

"Mfiduo" ni neno la wataalamu wa afya kazini. Maana yake ni mwili wa mtu kufikiwa na kitu chenye madhara, iwe kwa kukivuta, kukimeza au kukigusa. Kwa upande wa asbesto, njia inayoua ni pumzi. Ndiyo maana anayepita kila siku chini ya bomba lenye kifuniko kizima cha asbesto yuko katika hatari ndogo kuliko fundi anayekivunja kifuniko hicho asubuhi moja.

Asbesto ni jiwe linalochimbwa, lakini jiwe lenye nyuzi kama pamba. Haliungui, huzuia joto, na lilikuwa rahisi kununua. Kwa sehemu kubwa ya karne ya 20 lilitumika popote palipo na mvuke: plasta nyeupe iliyozungushiwa mabomba, gasketi za flenji (vizibo vya kuzuia kuvuja pale mabomba mawili yanapounganishwa kwa boliti), pakingi za valvu, kamba ya kuziba mlango wa boila. Magharibi mwa Kenya kuna kazi nyingi za mvuke. Viwanda vya sukari kuanzia Muhoroni hadi Nzoia hujengwa kuzunguka boila zinazochoma makapi ya miwa, na viwanda vya chai hukausha majani kwa joto la mvuke. Mitambo iliyosimikwa miaka ya 1970 au kabla yake ni ya kutiliwa shaka.

Tazama kazi yenyewe. Kiwanda kimesimama kwa matengenezo, flenji inavuja. Fundi analegeza boliti, anatenganisha mabomba, anakuta gasketi imekauka na kugandamana na chuma. Anaikwangua kwa patasi, kisha anamalizia kwa brashi ya waya au grainda. Mwenzake anapuliza mabaki kwa hewa ya kompresa ili uso wa chuma uwe safi. Hapo ndipo mfiduo unapotokea. Nyuzi hatari zina upana usiozidi mikromita 3, ilhali unywele wa mtu ni kama mikromita 70. Hazionekani, hazina harufu, haziwashi pua, na huelea hewani kwa saa nyingi. Kitambaa au barakoa ya hospitalini haizizuii.

Zikifika ndani ya pafu, chembe hai za ulinzi wa mwili hujaribu kuzimeza zikashindwa. Pafu hujaa makovu na kukakamaa. Huo ni ugonjwa wa asbestosi, na mgonjwa huhema hata akipanda ngazi chache. Nyuzi hizo pia huleta saratani ya mapafu, na mvutaji sigara huwa katika hatari kubwa zaidi. Ipo nyingine iitwayo mesothelioma, saratani ya utando unaozunguka mapafu, ambayo kwa kawaida hujitokeza miaka 20 hadi 50 baada ya mfiduo. Fundi huwa ameshastaafu.

Tena haimalizikii kazini. Ovaroli ikibebwa nyumbani na kukung'utwa kabla ya kufuliwa, anayefua huvuta vumbi lilelile. Na mabomba chakavu yakiuzwa na vifuniko vyake, kijana wa vyuma chakavu Kisumu atavimenya kwa mikono mitupu bila kuambiwa chochote. Hili ndilo linaloniuma zaidi.

Kwa macho huwezi kuitambua asbesto. Pamba ya kioo, kizuia joto kisicho na asbesto, nayo huweza kuwa nyeupe. Maabara pekee ndiyo hujibu kwa hadubini, kwa hiyo kifuniko cha zamani kihesabiwe kuwa asbesto hadi kipimwe. Ikibidi kukigusa, boila ipoe kwanza, kifuniko kilowanishwe kwa maji yenye sabuni kidogo, kisikatwe kwa mashine, kisipulizwe wala kufagiliwa kikavu. Fundi avae barakoa yenye kichujio cha daraja la P3 (daraja la juu la vichujio vya vumbi) inayokaza usoni, na ovaroli ibaki kiwandani. Taka zifungwe ndani ya mifuko miwili mizito yenye alama na zichukuliwe na aliyeidhinishwa na NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtaka mwajiri amweleze na kumfunza mfanyakazi kuhusu hatari za kazi yake, kwa hiyo kuuliza "hili bomba limepimwa?" si utovu wa adabu.

Kwa mzee aliyestaafu na anayekohoa kikohozi kikavu: vipimo vya kifua kikuu visipoonyesha kitu, mwambie daktari ulikuwa fundi wa boila, wapi, na kwa miaka mingapi. Daktari asipouliza hilo wala kuambiwa, hana sababu ya kufikiria asbesto.