Kukodi krosova mpya: patana bei ya gari, si malipo ya mwezi

Mtu anayetaka kukodi krosova mpya (gari lenye kimo cha gari la porini lakini lililojengwa kama gari dogo) kwa mkataba wa miaka kadhaa, kisha alirudishe, akifika tu kwa muuzaji, huulizwa: "Kwa mwezi unaweza kulipa kiasi gani?" Linasikika kama swali la kumjali mteja. Lakini ukishalijibu, umekabidhi usukani wa mazungumzo. Kuanzia hapo afisa mauzo atatafuta njia ya kuifikia tarakimu uliyoitaja, na njia ziko nyingi: kurefusha mkataba kutoka miezi 36 hadi 48, kukutaka utoe kianzio kikubwa, yaani fedha za mkupuo mwanzoni, kupunguza kilomita unazoruhusiwa kuendesha. Malipo ya mwezi yatashuka, ilhali bei ya gari haijaguswa hata kidogo.

Katika kazi yetu ya kuelimisha umma kuhusu mikopo na mikataba ya fedha, hakuna jambo tunalolirudia kuliko hili: malipo ya mwezi ni jibu la hesabu. Anayetaka nafuu apatane juu ya vitu vinavyoingia ndani ya hesabu hiyo.

Hesabu yenyewe

Anayekodi hulipia mambo makubwa mawili. La kwanza ni uchakavu, yaani thamani ambayo gari litapoteza likiwa mikononi mwake. La pili ni riba, kwa sababu kampuni ya fedha imelinunua gari hilo na kumwachia alitumie.

Tuseme krosova ina bei ya 30,000, kwa sarafu yoyote unayoitumia. Kampuni ya fedha inakadiria kwamba baada ya miezi 36 litakuwa na thamani ya asilimia 60 ya bei hiyo, yaani 18,000. Hii ndiyo thamani masalia. Tofauti ni 12,000. Gawa kwa miezi 36, unapata 333.33 za uchakavu kila mwezi.

Riba hukokotolewa kwa namna inayowachanganya wengi. Katika mikataba mingi ya aina hii, hasa nchini Marekani, haitajwi kwa asilimia bali kwa kizidishio kidogo kama 0.0025. Unajumlisha bei ya gari na thamani masalia, hapa 48,000, kisha unazidisha kwa 0.0025: riba ya mwezi ni 120. Ukitaka kukijua kizidishio hicho kwa asilimia za mwaka, kizidishe kwa 2,400. Namba hiyo haikuokotwa tu: 2 kwa sababu deni la wastani ni nusu ya ule mjumlisho, 12 kwa miezi ya mwaka, na 100 ili kupata asilimia. Hivyo 0.0025 ni asilimia 6 kwa mwaka. Mtu akikwambia "riba yetu ni 0.0025 tu", usidhani umeambiwa robo ya asilimia moja.

Kwa mfano wetu, malipo ya mwezi kabla ya kodi na ada ni 453.33. Sasa tazama mahali palipo na nafuu. Ukipatana bei ya gari ishuke hadi 28,000, huku thamani masalia ikibaki 18,000 kama kampuni ya fedha ilivyoikadiria, uchakavu unashuka hadi 277.78 na riba hadi 115. Jumla ni 392.78. Kizidishio nacho kikishuka hadi 0.0020, ambacho ni asilimia 4.8 kwa mwaka, riba inakuwa 92 na malipo yanafika 369.78. Ni gari lilelile, kwa miezi ileile. Kwa mkataba mzima umeokoa 3,008, na hukutoa kianzio wala hukupunguziwa kilomita.

Watu wengi hudhani bei ya gari hupatanwa na mnunuzi peke yake. Sivyo. Anayekodi ana haki ileile ya kuomba punguzo, tena lake lina uzito zaidi, kwa kuwa kila kiasi kinachoondolewa kwenye bei kinaondoka chote kwenye uchakavu anaoulipia. Thamani masalia, kwa kawaida, huwekwa na kampuni ya fedha, na muuzaji hana uwezo wa kuibadilisha, kwa hiyo usipoteze nguvu hapo. Kizidishio cha riba ni jambo jingine. Mara nyingi kampuni ya fedha huwa na kiwango chake cha msingi kwa mteja mwenye historia nzuri ya mikopo, na muuzaji huruhusiwa kuongeza chake juu yake. Muulize waziwazi: "Hiki ndicho kiwango cha msingi, au kimeongezwa?"

Akikataa kukutajia kizidishio, unaweza kukitafuta mwenyewe. Nchini Marekani, sheria ya mwaka 1976 inayowalinda wanaokodi mali kwa matumizi binafsi inadai mkataba wa gari uonyeshe bei iliyokubaliwa, thamani masalia, jumla ya uchakavu na jumla ya riba, ingawa haidai kizidishio kiandikwe. Penye takwimu hizo, chukua jumla ya riba, gawa kwa miezi ya mkataba, kisha gawa tena kwa mjumlisho wa bei na thamani masalia. Mfano: 4,320 gawa kwa 36 ni 120, na 120 gawa kwa 48,000 ni 0.0025. Kikokotoo cha simu kinatosha.

Gari la bei nafuu linaweza kukugharimu zaidi

Krosova ni gari lenye umbo na kimo cha gari la porini lakini limejengwa kwa mfumo wa gari dogo, bodi na chasisi vikiwa kitu kimoja. Tangu Toyota ilipotoa RAV4 mwaka 1994, aina hii imeenea kiasi kwamba karibu kila kiwanda kina yake. Wingi huo ni faida kwako, kwa sababu magari yanayofanana ni mengi na unaweza kuyashindanisha. Lakini yashindanishe kwa kipimo sahihi.

Weka pembeni ya krosova yetu ya 30,000 nyingine ya 28,000 ambayo thamani masalia yake ni asilimia 50. Kwa macho, hii ya pili ni rahisi. Kwa hesabu, inapoteza 14,000 ndani ya miezi 36, wakati ile ya kwanza inapoteza 12,000. Kwa kizidishio kilekile cha 0.0025, krosova ya 28,000 itakutoa 493.89 kwa mwezi na ile ya 30,000 itakutoa 453.33. Anayenunua ili akae na gari miaka kumi anaweza kuwa na sababu nzuri ya kuchagua la 28,000. Anayekodi atafute gari linaloshikilia thamani yake. Kwa hiyo omba thamani masalia ya kila gari unalolifikiria kabla hujaanza kuzungumzia punguzo. Angalia pia vikorombwezo vya kuongezwa dukani, kama rimu za urembo: huongeza bei lakini mara nyingi haviongezi thamani masalia, maana yake unavilipia karibu vyote kisha unaviacha kwenye gari la kampuni ya fedha.

Kianzio

Hapa nasema bila kuzunguka: kama unaweza kuepuka kutoa kianzio, epuka. Kianzio cha 3,600 kitapunguza malipo yako kwa takriban 109 kila mwezi kwenye mfano wetu, na tangazo litapendeza. Lakini gari si lako. Likiibwa au likiharibika kabisa mwezi wa pili, bima humlipa mwenye gari, yaani kampuni ya fedha. Ipo bima ya kuziba pengo, ambayo hulipa tofauti kati ya thamani ya gari siku ya ajali na deni lililobaki, na mikataba mingi huwa nayo ndani. Hakikisha wako unayo. Hata hivyo, kwa kawaida bima hiyo haikurudishii kianzio.

Ukiona tangazo la malipo madogo ya mwezi, jumlisha kila kitu: kianzio, ada ya kufungua mkataba, malipo ya miezi yote, ada ya kurudisha gari. Gawa kwa idadi ya miezi. Hiyo ndiyo bei ya kweli ya mwezi, na ndiyo pekee inayofaa kulinganishwa na ya muuzaji mwingine.

Ukienda kupatana, usiende kwa muuzaji mmoja. Waandikie watatu au wanne, gari lilelile, miezi ileile, kilomita zilezile, bila kianzio, na uwaombe kwa maandishi bei ya gari, thamani masalia, kizidishio na ada zote. Anayekujibu kwa malipo ya mwezi peke yake, mwandikie tena. Asipotoa namba zake, achana naye. Ukiwa na gari la zamani la kutoa kama sehemu ya malipo, lizungumzie kando, baada ya bei ya jipya kukubaliwa. Yakichanganywa, unaweza kupewa punguzo kwa mkono mmoja na kunyang'anywa kwa mwingine.

Kilomita nazo zihesabu kwa uaminifu. Mwenye mkataba wa kilomita 20,000 kwa mwaka anayeendesha 24,000 atakuwa amezidisha 12,000 baada ya miaka mitatu. Kwa tozo ya 0.15 kila kilomita, anadaiwa 1,800 siku ya kurudisha. Kwa kawaida ni nafuu kuomba kilomita zaidi mwanzoni kuliko kulipia ziada mwishoni. Muda wa mkataba nao usizidi muda wa udhamini wa kiwanda, la sivyo utatengeneza kwa fedha zako gari la mtu mwingine.

Kabla ya kusaini, tafuta ndani ya mkataba bei ya kulinunua gari muda ukiisha. Wengi huiruka wakijua watalirudisha tu. Mwaka 2021 na 2022, uhaba wa chipu za kielektroniki ulipopunguza uzalishaji wa magari mapya, bei za magari yaliyotumika zilipanda sana, na wengi waliokuwa wamekodi walikuta gari lina thamani kubwa kuliko bei ya kununulia iliyoandikwa kwenye mikataba yao. Waliokuwa na haki hiyo kwa maandishi waliweza kununua kwa bei ya zamani. Bei hiyo iwe tarakimu kamili, pamoja na ada yoyote itakayotozwa. Pakiandikwa tu "kwa bei ya soko ya wakati huo", omba ibadilishwe kabla kalamu haijagusa karatasi.