Pini inayokatika si pini mbovu

Wenye matrekta madogo ya bustani ya zamani, yale ya miaka ya 1960 kama John Deere 110, huchoka kubadilisha pini inayofunga parafujo, yaani skrubu kubwa inayozunguka na kukusanya theluji, kwenye shafti ya mashine ya kurushia theluji. Pini ikikatika mara 2, mtu anaweka bolti ngumu ya chuma cha pua na kujiona fundi. Kumbe amekosea.

Pini hiyo imetengenezwa laini makusudi. Parafujo likinasa jiwe au bonge la barafu, lazima kitu kikubali kuvunjika, na pini ndiyo rahisi kuliko vyote. Ukiweka bolti ngumu badala yake, nguvu yote inahamia kwenye giaboksi: meno yanang'oka au shafti inapinda, na vipuri vya umri huo havipatikani kirahisi.

Kuna la pili, ambalo wengi hawalijui kabisa. Parafujo likishikana na shafti kwa kutu, hata pini sahihi haisaidii. Kabla ya majira ya baridi, zima injini, chomoa waya wa plagi, toa pini, kisha zungusha parafujo kwa mkono. Likigoma, lilegeze kwanza, ndipo upake grisi.