Je, wajua kwa nini kwaya kwenye video huwa haiimbi?

Jumamosi asubuhi, ufukweni Kigamboni. Kwaya imejipanga mchangani mistari mitatu, kina mama na vitenge vya sare, kina baba na mashati ya kitambaa hichohicho. Spika kubwa tumeiweka juu ya ndoo iliyopinduliwa ili isiingie mchanga. Mwalimu anainua mikono, wimbo unaanza. Kijana wa kahawa na kashata akasimama, akasikiliza ubeti mzima, halafu akanisogelea. "Kaka, mbona wimbo unatoka kwenye spika? Hawa wanafanya nini sasa?"

Wanaimba pleibeki. Wimbo wenyewe ulisharekodiwa studio zamani, na siku ya kushuti video wanaufuatisha tu. Ila usidhani wamenyamaza. Sisi wapiga video huwaomba waimbe kwa nguvu zote, maana mtu anayefumbua mdomo bila kutoa sauti hujulikana hata kwenye simu ndogo: shingo imelegea, kifua hakipandi, macho yanatafuta jirani anasema neno gani. Kwa hiyo wanaimba kweli. Sauti yao ndiyo tunayoitupa.

Tunaitupa kwa sababu video ya kwaya haishutiwi mara moja. Wimbo wa dakika tano unaweza kuimbwa mara nane au kumi siku hiyo: mara kamera ikiwa mbali, mara nyuso, mara vidole vya mpiga kinanda, mara droni ikizunguka juu ya minazi. Na hakuna kwaya ya binadamu inayorudia wimbo kwa mwendo uleule. Saa moja asubuhi wanaimba kwa utulivu, saa sita jua likichoma wanakimbiza ili wakanywe maji. Bila kinanda, sauti nayo huteremka kidogokidogo. Do iliyoanzia kwenye noti ya G inafika ubeti wa mwisho imeshuka nusu hatua, na hakuna aliyegundua kwa sababu wote wameshuka pamoja. Jaribu kuunganisha vipande vya namna hiyo uone wimbo unavyoyumba. Rekodi moja ya studio ndiyo kamba inayofunga vipande vyote.

Upepo wa bahari, bodaboda na honi ya pantoni sina haja ya kuvieleza kwa mtu wa Dar.

Watu huniuliza basi mbona tusirekodi ndani ya kanisa, palipotulia. Chukua Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu pale Kivukoni, lililojengwa na Wajerumani kati ya 1897 na 1902. Ukikaa kwenye benchi, kwaya inasikika tamu, kwa sababu kuta zinairudisha sauti na masikio yako mawili yanajua kuchagua: hii inatoka kwa waimbaji, ile inatoka ukutani. Maiki haichagui. Ukiisimamisha mbali inapokea vyote kwa pamoja, na maneno yanavimba kama mkate ndani ya chai. Ukiisogeza karibu inampendelea mama mmoja wa sauti ya kwanza, besi wote wanapotea. Simu ndiyo balaa zaidi, kwa kuwa hujipunguzia sauti yenyewe kwaya ikipaza na kujiongezea ikitulia. Ule upandaji alioutunga mtunzi kwa makusudi unasawazishwa kama barabara iliyopitiwa na greda.

Sasa nirudi kwenye ile spika, maana hapo nilijifunza kwa aibu. Siku zangu za mwanzo niliiweka pembeni ya kamera, kwaya ikiwa mbele yetu, mstari wa nyuma kama mita 20 kutoka kwenye spika. Nyumbani nikaoanisha picha na wimbo, mstari wa mbele ukakaa sawa, wa nyuma ukawa kama unaimba wimbo wa jirani. Nikawalaumu wanakwaya kimoyomoyo. Kosa lilikuwa langu. Sauti hewani husafiri takriban mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo wale wa nyuma walikuwa wanausikia wimbo milisekunde 59 baada ya kutoka kwenye spika, na midomo yao ikachelewa hivyohivyo.

Hizo ni chembe ndogo sana za sekunde, ila macho yetu ni makali upande mmoja kuliko mwingine. Shirika la kimataifa la mawasiliano, ITU, lina mwongozo kwa watangazaji wa televisheni: mtazamaji huanza kugundua sauti ikitangulia picha kwa milisekunde 45 hivi, lakini sauti ikichelewa nyuma ya picha, hagundui mpaka ifike kama milisekunde 125. Ukimwona mtu anapasua kuni ng'ambo ya bonde, shoka linatua kwanza kisha mlio unafuata. Tumezaliwa tukiona hivyo. Mlio unaotangulia shoka hatujawahi kuuona, na pleibeki ya spika iliyokaa mbali inatengeneza kioja hichohicho: sauti imeshatoka, mdomo unafuata. Piga hesabu, milisekunde 45 ni kama mita 15. Tangu hapo spika yangu hukaa miguuni pa kwaya, nje kidogo ya picha.

Kuna jambo linalonichekesha kila nikilifikiria. Tarehe 3 Septemba 1958, chini ya Papa Pius XII, Roma ilitoa maagizo juu ya muziki mtakatifu, na ndani yake ilikataza kabisa vyombo vinavyojipiga vyenyewe ndani ya liturujia: gramafoni, redio, tepu na ndugu zao. Wimbo wa Misa uimbwe na watu waliopo. Ndiyo maana kwaya ileile inayofuatisha spika Jumamosi haiwezi kuthubutu kufanya hivyo kwenye Misa ya kwanza kesho yake. Video kwao ni kitu kingine, ni barua ya kuutuma wimbo kwenye parokia ambazo hawatafika.

Nilidhani nimeshaielewa kazi hii mpaka nilipoombwa kumshuti mtunzi mwenyewe, akiwa kazini, nyumbani kwake Tabata. Spika nikaiacha. Ningepiga wimbo gani wakati bado haujatungwa?

"Tumsifu Yesu Kristo," alinipokea mlangoni. Nikaitikia milele amina, nikaingia, na kazi ya kwanza ikawa kumnyang'anya starehe zake. Feni ilizimwa, maana maiki ya shingoni inalisikia panga la feni kama mvua. Friji likazimwa pia. Ilikuwa Februari, unaijua Dar ya Februari. Funguo za pikipiki yangu nikaziweka ndani ya friji, ujanja wa zamani wa watu wa sauti: huwezi kuondoka ukalisahau limezimwa. Taa ya sebuleni ilikuwa ya bomba, na hiyo nayo ina mambo yake. Umeme wetu ni wa hezi 50, kwa hiyo taa ya namna ile hufifia na kung'aa mara 100 kila sekunde. Jicho halioni, kamera inaona, inakuwekea michirizi inayotembea ukutani. Nikaweka fremu 25 kwa sekunde na mwendo wa shata, yaani muda wa kila picha kupokea mwanga, 1/50 ya sekunde, michirizi ikaisha.

Halafu nikasubiri. Nilitarajia kinanda. Mtunzi akafungua daftari la shule la mistari na kalamu ya wino, basi. Watunzi wengi wa kwaya zetu huandika kwa solfa, yaani d, r, m, f, s, l, t zenyewe, na nukta mbili za wima kutenganisha mapigo, na kistari kuonyesha sauti inaendelea. Mfumo huo ulisambazwa na Mwingereza John Curwen katika karne ya 19, akijenga juu ya kazi ya mwalimu Sarah Glover, na wamisionari wakauleta Afrika. Hauhitaji karatasi ya mistari mitano. Unapigwa chapa, unatolewa fotokopi, na mwanakwaya ambaye hajawahi kugusa kinanda anausoma.

Lakini alianza na maneno kabla ya nota. Aliandika "amefufuka", akaligonga mezani kwa kalamu: a-me-fu-FU-ka. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na yeye alikuwa anatafuta pigo zito liangukie pale. Likiangukia kwenye "ka", msikilizaji anahisi neno limevaa shati kinyumenyume hata kama hajui kwa nini. Kisha ubeti wa pili ulikuwa na "ameshinda kifo", silabi zimeongezeka, mkazo umehama, na sauti nzuri ya ubeti wa kwanza ikakataa kukaa. Akafuta. Akaandika upya. Hilo si tatizo la wakati Misa ikiimbwa kwa Kilatini. Lilikuja na ruhusa ya lugha za watu, baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano, ule mkutano mkuu wa maaskofu Wakatoliki, kupitisha hati yake ya liturujia tarehe 4 Desemba 1963. Mwaka huohuo Padre Stephen Mbunga, Mtanzania, alitoa kitabu kizima juu ya sheria za Kanisa na muziki wa Kibantu. Wenzetu walilifikiria suala hili mapema.

Kwenye video ya ufukweni haya yote hayaonekani. Unaona mtunzi kasimama mbele na suti, anapunga mikono kwa wimbo uliokwisha kuiva. Pale mezani niliona akiimba sauti nne peke yake, kwa zamu, chini ya pumzi: ya kwanza kwa sauti ya juu ya kujikaba, alto akikuna kichwa, kisha tenori, halafu besi akiinamisha kidevu mpaka maiki yangu ikakwaruza shati. Kwenye besi alikosea. Akaniangalia, "Hiyo utaikata, eti?" Nikamwambia ndiyo.

Sikuikata. Ndicho kipande pekee cha siku ile ambacho mtu ameimba na sauti yake ikabaki. Saa nne usiku nilifungua friji, nikaliwasha, nikashuka ngazi na funguo baridi mkononi.