Filamu za Iran na za Wairani wa ughaibuni: dhana potofu na ukweli

Kwenye kijitabu cha ratiba ya tamasha, neno "Iran" hubebeshwa mzigo mkubwa. Chini yake utakuta filamu iliyopata vibali vyote Tehran, nyingine iliyopigwa kwa siri ndani ya nyumba ya mtu, na ya tatu ambayo haikukanyaga ardhi ya Iran hata kwa dakika moja. Asiyezitofautisha huzipima zote kwa mizani moja, na ndipo anapokosea kuzisoma.

DHANA: Filamu ya Iran ikishinda nje, basi nyumbani imepigwa marufuku.

UKWELI: Nyingine ndiyo, nyingine sivyo kabisa. Utaratibu wa Iran unadai vibali viwili kutoka Wizara ya Utamaduni na Mwongozo wa Kiislamu. Kibali cha kwanza ni cha kutengeneza, na hutolewa baada ya muswada kusomwa. Cha pili ni cha kuonyesha, na hutolewa baada ya filamu iliyokamilika kutazamwa. Filamu inaweza kukwama kwenye hatua yoyote, hata baada ya kupita zote mbili.

Chukua A Separation ya Asghar Farhadi. Mwaka 2010 kibali chake kilisimamishwa kazi ikiwa inaendelea, kwa sababu ya maneno aliyoyasema mwongozaji hadharani, kisha kikarudishwa. Filamu ikaonyeshwa kwenye Fajr, tamasha la filamu la Iran, ikaingia kwenye kumbi za kawaida za Iran, ikatwaa Dubu wa Dhahabu, tuzo kuu ya tamasha la Berlin, mwaka 2011, na Iran yenyewe ikaipeleka kwenye tuzo za Oscar, ambako ilishinda mwaka 2012. The Circle ya Jafar Panahi ilipita njia nyingine: ilishinda Simba wa Dhahabu, tuzo kuu ya tamasha la Venice, mwaka 2000, lakini Wairani hawakuruhusiwa kuiona kwenye kumbi zao. Nayo The Lizard ya Kamal Tabrizi, kichekesho cha mwaka 2004 kuhusu mwizi anayetoroka gerezani akiwa amevaa joho la shehe, ilipata kibali, ikajaza kumbi, halafu ikaondolewa baada ya wiki chache.

Halafu zipo zisizoomba kibali chochote. Desemba 2010 Panahi alihukumiwa kifungo cha miaka 6 na kuzuiwa kutengeneza filamu kwa miaka 20. Hakuacha. This Is Not a Film ilifika kwenye tamasha la Cannes, Ufaransa, mwaka 2011, Taxi ikachukua Dubu wa Dhahabu mwaka 2015, na It Was Just an Accident ikapata Palme d'Or, tuzo kuu ya Cannes, mwaka 2025. Watu wengi wanakumbuka zaidi kisa cha ile filamu ya 2011 kutoroshwa nje ya nchi katika kifaa kidogo cha kuhifadhia data kilichofichwa ndani ya keki. Kisa kinavutia, lakini kimeifunika kazi yenyewe: mtu aliyefungiwa ndani ya nyumba yake anayeonyesha, kwa utepe wa gundi uliobandikwa kwenye zulia, filamu aliyokatazwa kuipiga.

DHANA: Waongozaji wa Iran wanapenda kupiga picha ndani ya magari kwa sababu ni mtindo wao.

UKWELI: Mtindo umo, ila chanzo chake kimefungamana na kanuni. Baada ya mapinduzi ya 1979, mwigizaji wa kike alitakiwa afunike nywele kwenye filamu hata pale mhusika wake yuko chumbani na mumewe, kwa kuwa wanaomtazama ukumbini si maharimu wake. Mwanamume na mwanamke wanaoigiza kama mke na mume nao hawaruhusiwi kugusana. Matokeo yake ni picha ya uongo: mke anaamka kitandani na ushungi kichwani, jambo ambalo hakuna Mwirani anayeliona nyumbani kwake. Mwongozaji anayejali ukweli hutafuta mahali ambapo ushungi unakaa kwa kawaida: barabarani, uani palipo na wageni, ofisini, mahakamani, hospitalini. Au garini. Gari ni faragha iliyo hadharani. Watu wawili wanakaa sambamba wakitazama mbele, wanaweza kuambiana siri nzito, na hakuna anayetarajia wakumbatiane.

Kwa anayepiga bila kibali, gari lina faida ya pili: kamera ndogo zikikaa juu ya dashibodi, hakuna taa wala umati wa mafundi wa kumshtua askari. Abbas Kiarostami aliitengeneza Ten mwaka 2002 kwa kamera mbili za dijitali zilizofungwa hivyo, na mazungumzo kumi. Hasara zipo pia. Mngurumo wa injini huingia kwenye sauti, mwanga hubadilika kila gari linapokata kona, na kioo cha mbele hurudisha taswira ya majengo juu ya nyuso. Ukiona uso unapotea kwa sekunde kadhaa, usidhani fundi kazembea. Mara nyingi hakukuwa na nafasi ya kurudia.

Kanuni hii ya ushungi ni kipimo kizuri kwa mtazamaji. Mwanamke akionekana nyumbani kichwa wazi katika filamu mpya iliyopigwa Iran, jua kwamba waliohusika walijua wanachokihatarisha. My Favourite Cake ya Maryam Moghaddam na Behtash Sanaeeha inamwonyesha mjane wa miaka 70 bila ushungi, akinywa mvinyo na kucheza. Ilipoonyeshwa Berlin mwaka 2024, waongozaji wake hawakuwepo. Walikuwa wamenyang'anywa pasipoti.

DHANA: Sinema ya Iran ilizaliwa baada ya mapinduzi.

UKWELI: Filamu ya kwanza ya Kiajemi yenye sauti, Dokhtar-e Lor, ni ya mwaka 1933, na ilitengenezwa Bombay na Ardeshir Irani akishirikiana na Abdolhossein Sepanta. Yaani hata kazi ya kutengeneza nje ya nchi si jambo la jana. Forough Farrokhzad, mshairi, alipiga Khaneh siah ast (Nyumba ni Nyeusi) kwenye makazi ya wagonjwa wa ukoma karibu na Tabriz, kazi ya dakika zipatazo 20 ambayo bado inafundisha watu namna ya kuunganisha picha na ubeti. Gaav (Ng'ombe) ya Dariush Mehrjui ni ya 1969. Na zile filamu za watoto ambazo wageni huzihusisha na miaka ya 1990 zina mzizi kwenye taasisi ya malezi ya fikra za watoto na vijana, Kanoon, iliyoanzishwa mwaka 1965. Hapo ndipo Kiarostami alipotengeneza filamu yake fupi ya kwanza mwaka 1970.

DHANA: Wanawake hawaongozi filamu Iran.

UKWELI: Mbali na Farrokhzad, wapo Rakhshan Banietemad, Tahmineh Milani, Marzieh Meshkini, na Samira Makhmalbaf, aliyefika Cannes na The Apple mwaka 1998 akiwa na umri wa miaka 18 tu.

DHANA: Kwenye filamu za Iran wanaongea Kiarabu.

UKWELI: Kiajemi huandikwa kwa herufi za Kiarabu pamoja na nne za nyongeza, lakini ni lugha ya ukoo mwingine. Wala si Kiajemi peke yake. Bahman Ghobadi alitengeneza A Time for Drunken Horses kwa Kikurdi mwaka 2000, na katika No Bears ya Panahi wanakijiji wanazungumza Kiazeri. Tatizo ni kwamba maandishi ya tafsiri chini ya picha huzilaza lugha zote kwenye mstari mmoja, na mtazamaji hapati habari kwamba mhusika amegeuza lugha ili mgeni asielewe. Sikiliza mlio wakati unasoma. Mabadiliko hayo mara nyingi ndiyo kiini cha tukio.

DHANA: Filamu ya ughaibuni imepigwa Iran kwa kificho.

UKWELI: Nyingi zimepigwa mahali panapofanana na Iran. Women Without Men ya Shirin Neshat, iliyopata Simba wa Fedha Venice mwaka 2009, ilitumia Casablanca kama Tehran ya 1953. Circumstance ya Maryam Keshavarz ilipigwa Beirut. Under the Shadow na Holy Spider zote zilipigwa Jordan. A Girl Walks Home Alone at Night ya Ana Lily Amirpour inazungumza Kiajemi tupu, ila visima vyake vya mafuta viko California. Kuzilaumu kwa kukosea mtaa fulani wa Tehran si haki: kwa filamu za namna hii, kupiga Tehran halikuwa chaguo lililokuwepo.

DHANA: Lugha ya filamu ndiyo uraia wake.

UKWELI: Kwenye Oscar ya filamu ya kimataifa, kila nchi huteua filamu moja kwa kamati yake. Kwa Iran, kazi hiyo iko chini ya Wakfu wa Sinema wa Farabi, na haitarajiwi kupeleka filamu isiyo na kibali. Njia iliyotumika mara nyingi ni nchi ya mtayarishaji. Under the Shadow iliteuliwa na Uingereza, Holy Spider na Denmark, It Was Just an Accident na Ufaransa. The Seed of the Sacred Fig ya Mohammad Rasoulof, ambaye mwaka 2024 alikimbia Iran kwa miguu kupitia milimani baada ya kuhukumiwa kifungo cha miaka 8, ilisimama kwa jina la Ujerumani. Universal Language nayo inazungumza Kiajemi lakini iko Winnipeg, imeongozwa na Matthew Rankin, Mkanada asiye Mwirani, na ilipelekwa na Canada.

Kwa hiyo ukisoma ratiba, usiishie kwenye jina la nchi. Tazama nchi zote za utayarishaji, tafuta ilikopigwa, kisha angalia ni nani kati ya waigizaji bado anaishi Iran. Hilo la mwisho lina uzito wa pekee wakati wa maswali na majibu: kabla ya kurekodi na kupandisha mtandaoni maneno ya mtu atakayerudi Tehran wiki ijayo, muulize yeye au mwendeshaji wa kikao. Akikataa, zima simu.