Ukija kwa Kikohozi, Njoo na Karatasi ya Presha

Mimi ni mfamasia katika kisiwa cha Lamu, na wengi wanaofika dukani kwangu huja kwa mojawapo ya mambo mawili: kuongezewa dawa za kila siku, hasa za presha na kisukari, au kutafuta dawa ya maradhi madogo kama mafua, kikohozi na kuharisha. Wao huziona hizi kuwa ni safari mbili zisizohusiana, na kwa hiyo anayekuja kwa kikohozi huiacha nyumbani karatasi ya daktari. Kwangu mimi, karatasi hiyo ndiyo ya kwanza kutazamwa.

Mzee mmoja kutoka Matondoni alinijia akitaka dawa ya kikohozi, ilhali alikuwa amekwisha kunywa chupa mbili alizonunua kwingine. Kikohozi chenyewe kilikuwa kikavu, hakina homa wala makohozi. Nilipomuuliza anameza nini kila siku, alinitajia enalapril, dawa ya presha inayojulikana kuwaletea baadhi ya watu kikohozi cha namna hiyo hiyo, ambacho hakitulizwi na chupa yoyote. Sikumuuzia kitu, nilimwandikia daktari wake, naye akambadilishia kwa losartan, na baada ya wiki chache kikohozi kikaisha. Nilimsisitizia, kama ninavyowasisitizia wote, kwamba asiiache dawa ya presha kwa uamuzi wake mwenyewe, kwa sababu presha hupanda kimya kimya.

Kinyume chake pia hutokea. Mwenye presha akinunua ibuprofen au diclofenac kwa maumivu ya mgongo, dawa hizo zaweza kuipandisha presha na, zikichanganywa na enalapril na dawa ya kukojoza, kuzielemea figo. Paracetamol ni salama zaidi kwake, mradi mtu mzima asipite gramu 4 kwa siku, yaani vidonge 8 vya miligramu 500, akihesabu na ile iliyomo ndani ya dawa nyingi za mafua.

Kuhusu kuongezewa dawa, njoo zikiwa zimebaki za siku kumi, wala usingoje kidonge cha mwisho. Shehena yetu hupita Mokowe na kuvushwa kwa boti, na wanaotoka Faza au Kizingitini wanajua bahari ya kusi ilivyo. Njoo pia na pakiti tupu, kwa maana nikiambiwa nitoe "kile kidogo cheupe" nusu ya rafu yangu inajibu. Pakiti yenyewe ikibadilika sura usishtuke, kwani dawa ileile hutengenezwa na viwanda vingi. Tazama jina la dawa lililoandikwa chini ya jina la kibiashara, na miligramu zake. Kabla ya kukuongezea nitakupima, na ikiwa presha imefika 180 kwa 120 hatutazungumzia vidonge, bali hospitali siku hiyo hiyo.

Kwa mtoto anayeharisha, ninachotoa ni ORS, yaani unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji, pamoja na zinki. Zinki hupewa miligramu 20 kwa siku, au 10 akiwa chini ya miezi sita, kwa siku 10 hadi 14 hata kama kuhara kumekoma. Mama wengi huomba "rangi mbili", yaani vidonge vya antibiotiki; siwapi, kwa kuwa antibiotiki huhitaji karatasi ya daktari na kuhara kwingi hakuihitaji. Choo chenye damu, macho yaliyodidimia au mtoto asiyeweza kunywa si kazi ya duka. Homa nayo hupimwa malaria kwanza.

Na wenye kisukari wanaokusudia kufunga Ramadhani, wasingoje mwezi uandame. Waje katika Shaabani na dawa zao zote, ili tukae na daktari tupange kipi kimezwe wakati wa kufuturu na kipi wakati wa daku, na kipi kipunguzwe, hasa kwa anayechoma insulini.